Neno Nililopewa Nitembee Nalo

Juzi nilitoka kwenda dukani kununua chumvi, ingawa chumvi ilikuwapo ndani. Majirani zangu hapa Sofu, Kibaha, hawashangai tena. Nikikaa kwenye kiti muda wa kumaliza kikombe cha chai, miguu inaanza kuniwasha, basi najitafutia safari: chumvi, kiberiti, kumjulia hali fundi cherehani. Bibi yangu aliniita kiguu na njia kabla sijang'oka meno ya utoto, na jina hilo nimezeeka nalo. Sasa nikiwa napita nyuma ya nyumba moja ambayo kijana fulani anafundishia tuisheni barazani, nikawasikia watoto wanaimba kwa pamoja: slowly, quickly, carefully, sadly. Walikuwa wamekaa mistari mistari, macho ubaoni, mikono juu ya madaftari, na hakuna hata mmoja aliyetikisa kidole. Nikasimama hapo hapo njiani. Chumvi sikuinunua.

Nilitaka kuingia niwaambie, wanangu, maneno hayo hayaimbwi hivyo, maneno hayo yanatembezwa. Moja nililitembeza mimi, na shamba zima la wanawake likaachwa na majembe chini. Lakini kijana yule angeona mama mtu mzima amechanganyikiwa, na mimi aibu ninayo kidogo. Nikarudi nyumbani, nikakaa, nikasimama, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Haikutoka kichwani. Kwa hiyo nakusimulia wewe, na ukiniona naruka huku na huku univumilie, ndivyo nilivyo.

Sisi tulikuwa Kisarawe, upande wa Vihingo, huko ndani kwenye mihogo na mikorosho na pori la kuokota kuni. Mimi nilizaliwa wakati kila mtu anakaa kwenye shamba lake, nyumba hii hapa na nyumba nyingine mpaka uvuke bonde. Kisha ikaja ile operesheni ya kuhamia vijijini, tukasogezwa wote pamoja, nyumba zikapangwa kwa mstari na barabara katikati. Watu walijitahidi kuzoea. Mbuzi hawakuzoea. Mbuzi wa jirani yetu, ambaye zamani alikuwa na pori lote la kutembelea, sasa akiamka asubuhi anakutana na matuta ya mihogo ya mama yangu hatua chache kutoka kwenye kamba yake. Alikula kisamvu chote. Mama alimfunga mbuzi yule kwenye mkorosho wetu mpaka jioni, jirani akaja kumdai, na maneno yaliyosemwa pale sitayaandika. Tangu siku hiyo mama na jirani hawakusalimiana. Walikuwa wakikutana kisimani mmoja anaangalia ndoo, mwingine anaangalia mawingu.

Nakumbuka harufu za kijiji kile kuliko sura. Korosho zikichomwa kwenye bati, ule moshi unaowasha macho. Unga wa yanga, uliokuwa wa njano na wenye harufu ya gunia, tuliokula miaka ile mahindi yalipotukataa, na bibi akiusonga huku amekunja uso. Kisamvu cha nazi, mbuzi akitubakizia. Na sauti ya kipande cha reli kilichoning'inizwa shuleni, ambacho kikigongwa kilisikika mpaka kisimani, nasi tunaanza kukimbia huku tunafunga vifungo vya mashati.

Bibi ndiye aliyenilea zaidi, maana baba alikuwa kibarua kwenye mabanda ya kuku kule Kibaha, anakuja mwisho wa mwezi akipata nafasi, na mama alikuwa mtu wa shamba toka alfajiri. Bibi hakujali sana nimefanya nini. Alijali nimefanyaje. Nikifagia ananiambia, usifagie hivyo, unafukuza watu. Nikitembea, tembea kama mtoto wa watu. Nikimpa mgeni maji, hayapewi kwa kurushwa hayo, piga goti. Nikikaa ndiyo kabisa, maana sikukaa. Alikuwa akinikamata bega na kunikalisha mkekani, akigeuka kuchochea moto mimi nipo mlangoni.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa Kiingereza alipofika darasani na somo lake jipya, mimi nililielewa kabla ya wenzangu. Mwalimu alikuwa kijana bado, mmoja wa wale walimu wa UPE waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku huku wanafundisha. Kiingereza chake hakikuwa kingi, sasa nalijua hilo, lakini alichokuwa nacho alikipenda, na alikuwa na shati moja la mikono mirefu alilolifua kila siku. Alituambia hivi: kitenzi kinakwambia mtu amefanya jambo, lakini hakikwambii amelifanya vipi. Kuna maneno kazi yake ni hiyo tu, kusema vipi. Mengi yana mkia, na mkia wenyewe akauchora ubaoni kwa chaki nyekundu, herufi mbili, ly. Kisha akasema neno la namna hii haliandikwi kwanza. Linapewa mwili kwanza.

Vitabu havikuwapo vya kutosha, tulikuwa tunasoma kitabu kimoja vichwa vingi. Pengine ndiyo sababu alibuni ule mchezo. Anamwita mtoto nje, anamnong'oneza neno, mtoto anaingia ndani akitembea kwa namna ya lile neno, na sisi tunapiga kelele: He is walking slowly! She is walking proudly! Aliyepewa "proudly" siku ya kwanza alikuwa binti wa katibu wa kijiji, na hakuhitaji mazoezi. Shamba la shule nalo likawa darasa. Mchana tukilima mwalimu anapita katikati ya matuta akiuliza tunalimaje, nasi tunajibu carefully, hata yule aliyekwisha kukata mche mzima wa muhogo. Sijawahi kupenda somo kama lile. Kwa mara ya kwanza shule ilikuwa inaniomba nisimame.

Kisha akaongeza jambo. Mwisho wa kipindi kila mtoto anapewa neno lake la kutembea nalo mpaka nyumbani. Usilisahau njiani, anasema, ukifika mlangoni ndipo unaliweka chini. Ungetuona jioni zile! Barabara ya kijiji ilijaa watoto wanaonyata, wanaochechemea, wanaocheka peke yao. Wazee waliokuwa wanasuka ukili barazani waliitika shikamoo zetu zilizokuja kwa kila namna, wakatikisa vichwa, wakaona ni mambo ya shule. Mimi kila siku nilipewa "quickly". Mwalimu alikuwa akitazama miguu yangu tu, analitoa. Nilinung'unika. Nilitaka na mimi neno la kufikiria.

Wakati huo nyumbani mambo hayakuwa sawa. Mama alikuwa mjamzito, na miguu yake ilivimba mpaka kandambili zikamkataa. Uso nao ukavimba. Siku moja alipoamka anasema anaona giza, baba akaitwa, akaja akamchukua, wakaenda Kibaha hospitali. Mama aliondoka akiwa amepanda lori la korosho, amekaa mbele na dereva, na alinipungia mkono bila kugeuza shingo. Baada ya hapo kimya. Habari zetu zilikuja kwa mdomo, baba akimpata mtu anayekuja upande wetu anamwambia, naye akishuka barabara kuu anamwambia yeyote aliyepo. Kila siku nikitoka shule nilikwenda kwanza kusimama barabara kuu kungoja lori au basi lipite, niulize. Kisha narudi nyumbani, na bibi anaacha chochote alichoshika, ananitazama tu. Natikisa kichwa. Anaendelea na kazi yake.

Watoto wa siku zile hatukuambiwa kitu. Usiku nilikuwa najigeuza mpaka bibi ananibana kwa mguu wake. Nilimsikia akisali Sala ya Bwana akaikatiza katikati, akaanza upya. Hilo ndilo lililonitisha, maana bibi sala alizijua kuliko mchungaji.

Basi siku hiyo mwalimu akagawa maneno. Sijui kama alikuwa amesikia habari za mama. Nadhani hakuzisikia, maana alikuwa mtu mpole na asingefanya hivyo. Alifika kwangu, akatazama miguu yangu, nikamwambia, "Mwalimu, leo nipe lingine." Akacheka. Akaniinamia akaninong'oneza: "Sadly."

Nilifurahi, nakwambia ukweli. Nililibeba lile neno mpaka barabara kuu huku narukaruka, nikiwaza nitalitembeaje. Barabarani hakukuwa na mtu. Lori moja lilipita halikusimama. Nikageuka kurudi, na hapo nikaanza kazi. Sasa mtoto anajuaje huzuni inavyotembea? Nilijaribu kuinamisha kichwa, nikaona ni uvivu tu. Nilijaribu kuburuta miguu, nikaona ni uchovu. Kisha nikakumbuka wanawake niliowaona wakienda msibani. Nikalegeza mkanda wa sketi, nikafungua mdomo kidogo, nikaweka mikono yote miwili kichwani.

Wewe uliyekulia kwetu umeshatia mkono mdomoni. Mikono kichwani ilikuwa mwiko. Ukionekana tu, hata kama unajikuna, kofi linatoka popote: unamlilia nani wewe, unataka kumuua nani? Nililijua hilo vizuri kabisa. Lakini nilijiambia hili ni somo, mwalimu kanituma, na mwiko wa nyumbani hauwezi kuingilia Kiingereza. Nikaja taratibu, mikono kichwani, nikijisemea kimoyomoyo, she is walking sadly, she is walking sadly. Najua nilikuwa nalifanya vizuri kuliko mtoto yeyote wa darasa lile.

Njia ya kutoka barabara kuu inapita kando ya shamba la kijiji. Siku hiyo ilikuwa zamu ya wanawake kupalilia. Walikuwa wengi, wameinama kwa mstari, na wote walijua yule mtoto kila siku anakwenda barabarani kuuliza habari za mama yake. Mimi sikuwaona hata, nilikuwa na neno langu. Nilisikia tu ukelele mmoja mrefu, "Uwiii! Mama wee! Tumeondokewa!" Nikageuka. Majembe yalikuwa chini na wanawake wanakimbia, kanga zinafunguka, wanakatiza kwenye mihogo kuelekea nyumba zetu. Nikadhani nyoka. Nikashusha mikono nikakimbia na mimi, lakini kwa njia, maana mihogoni nilikatazwa.

Nilipofika uwanjani bibi alikuwa chini. Alikuwa anajipiga kifua, anamwita mama kwa jina lake la utoto ambalo sikuwahi kulisikia, na maneno mengine yalikuwa ya Kizaramo cha zamani ambacho alikitumia akiwa peke yake. Wanawake wamemshika huku na huku. Mmoja akaniona, akanivuta, akanibana uso kwenye kifua chake kilichokuwa kinanuka jasho na majani ya muhogo. "Pole mwanangu," akasema. "Pole. Mama ndiyo katuacha."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari kwamba mama yangu amekufa. Sikuuliza imeletwa na nani. Nilidhani imepita njia nyingine mimi nikiwa barabarani, na kwamba ndiyo ile niliyokuwa naingojea siku zote, imenipita hivi hivi.

Nilikaa mkekani. Watu walikuja, mikeka ikatandikwa, wanaume wakaleta mabenchi ya kanisani, kengele ikagongwa. Waislamu wa mtaa wa chini walifika na kuni kabla ya Walutheri wenzetu. Sufuria likapandishwa, yanga ikaanza kusongwa, na mtu akachinja kuku ambaye sijui alikuwa wa nani. Mimi nilikaa palepale nilipowekwa, magoti pamoja, mikono pajani, kama bibi alivyotaka miaka yote. Nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, mtoto katulia maskini, na nikashangaa kwamba ananisema mimi.

Aliyenifanya nilie hakuwa bibi. Alikuwa jirani wa mbuzi. Alifika akiwa na jembe bado mkononi, amesahau kuliacha shambani, akalitupa, akajiangusha vumbini mbele ya mlango wetu. Alijiviringisha kweli, kanga ikamtoka kichwani, nywele zikajaa mchanga. "Sikukusalimia mwenzangu!" alikuwa anasema. "Juzi juzi ulikuwepo na sikukusalimia! Nitamsalimia nani sasa?" Wanawake walijaribu kumwinua, wakashindwa, mmoja akaamua kukaa naye huko chini. Wakati huo ndipo nilipoelewa kwamba mama hatarudi, na nililia mpaka nikatapika.

Jua lilikuwa linaelekea kwenye mikorosho walipofika walimu. Walipeana mikono na wanaume, wakakaa. Mazungumzo ya wanaume yalikuwa ya jinsi ya kumleta marehemu: trekta la kijiji, nani azungumze na mwenyekiti, mafuta yatapatikana wapi. Mzee wa kanisa, mtu wa utaratibu sana, akauliza kwa sauti ya chini swali ambalo wangetakiwa kuanza nalo. "Aliyeleta habari ni nani? Atuambie kama yupo hospitali bado au kwa mumewe."

Kila mtu alimtazama mwenzake. Huyu kaambiwa na yule, yule kasikia kengele. Wa kengele kaambiwa na mkewe. Mkewe alikuwa shambani. Wanawake wa shambani wakasema, sisi tulimwona mtoto anatoka barabara kuu, mikono kichwani, tungengoja nini tena?

Nyuso zote zikanigeukia. Mzee wa kanisa akachuchumaa mbele yangu. "Mjukuu wangu, nani alikuambia?"

"Sijaambiwa."

"Na mikono kichwani nani alikutuma uweke?"

"Mwalimu."

Sasa nyuso zote zikamgeukia mwalimu. Alikuwa ameshika kikombe cha maji na kikombe kikaanza kumwagika taratibu kwenye ile suruali yake iliyonyooshwa. "Alinipa sadly," nikasema. Hakuna aliyenielewa isipokuwa yeye.

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alieleza yote, kitenzi, namna, mchezo, neno la kutembea nalo. Nadhani hakuna somo alilowahi kulifundisha kwa shida kama lile, mbele ya watu wazima wenye machozi bado usoni. Alipomaliza akakaa. Mzee mmoja alicheka kidogo, akajifanya anakohoa. Kisha bibi akaketi, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu mzima?"

Habari ya kifo haikuletwa na mtu, lakini ya uzima nayo haikuletwa na mtu. Tulikuwa tumerudi palepale tulipokuwa asubuhi, isipokuwa sasa tulikwisha kuonja. Heri wangenipiga. Hakuna aliyenigusa. Bibi alimgeukia mwalimu, akamwambia bila kupaza sauti, "Hicho Kiingereza chenu, mwalimu, huwa hakipigi hodi?" Kisha akasema apewe chakula, maana kimekwisha kupikwa na hakitamwagwa. Mwalimu alikula akiwa ameinama. Watu wote walikula. Sijui kama umewahi kuona watu wanakula chakula cha matanga ya mtu ambaye hawajui kama amekufa.

Bibi alisema asubuhi anakwenda Kibaha na mimi nakwenda naye, maana akiniacha nitamuulia mtu mwingine. Watu wakaanza kuondoka na mabenchi yao. Jirani hakuondoka. Alisimama pale akijipukuta mchanga, hamtazami mtu. "Na mimi nakwenda," akasema.

Bibi akamwambia, "Wewe na mwanangu hamsemezani."

"Mimi nimeshamlilia," jirani akajibu. "Siwezi kukaa nyumbani tu."

Tulitoka bado hakujapambazuka vizuri. Lori mpaka Kisarawe, basi mpaka Dar, basi lingine Barabara ya Morogoro kwenda Kibaha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mji na sikuuona. Bibi alikuwa ameshika goti langu njia nzima ili lisirukeruke. Jirani alikaa kiti cha mbele yetu, amepakata kifurushi cha mihogo ya kuchemsha, na kila basi liliposimama naye alisimama.

Hospitalini mlinzi akatuzuia. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado, na watoto hawaingii wodini kabisa. Bibi alimtajia jina la mama. Mlinzi akasema kwa upole kwamba yeye majina hayajui, mama angu, wewe kaa pale kwenye benchi ungoje. Tukakaa. Ndugu yangu, nimengoja mambo mengi maishani mwangu, nimengoja matokeo, nimengoja mume, nimengoja sukari ya ushirika kwenye foleni, lakini kungoja kule sijakusahau. Bibi aliyekuwa akinifunza kukaa alisimama, akakaa, akazunguka benchi. Jirani alifungua kifurushi akakifunga. Mimi nilitazama kila nesi aliyetoka, nikijaribu kusoma anavyotembea kama tulivyofundishwa, huyu hurriedly, huyu quietly, nikitafuta ni yupi anayetembea kama mtu anayejua habari zetu.

Kisha kwenye baraza ya wodi akatokea mwanamke mwenye tumbo kubwa, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na kikombe cha bati kwa mwingine, anakwenda bombani. Alikuwa anaweka mguu chini kana kwamba ardhi ina moto. Mwendo ule mwalimu hakuwa ametupa neno lake. Nilikwisha kupita chini ya mkono wa mlinzi kabla hajageuka.

Mama alinidaka kwa kikombe na yote, maji yakatumwagikia. Alianza kunigombeza, umekujaje, nani kakuleta, kisha akainua macho. Hakumtazama bibi. Alimwona jirani amesimama nyuma ya bibi, na uso ukamwisha damu. Kwa akili yake, yule mwanamke hawezi kusafiri toka Vihingo mpaka Kibaha kwa jambo dogo.

"Nani amekufa?" mama akauliza.

Jirani ndiye aliyejibu. "Hakuna. Nimekuja kukusalimia." Akasogea akamwekea mihogo mkononi, na sauti yake ilikuwa ya ukali kabisa, kama anamgombeza. "Hujambo, mwenzangu?"

Mama aliitikia. Walikaa kwenye ngazi za baraza, wakala mihogo, wakazungumza habari za mvua.

Mdogo wangu alizaliwa salama na mama akarudi nyumbani naye. Habari ya matanga yake aliipata siku ile ile aliporudi, kutoka kwa wanawake wa kisimani. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha ikawa mchezo wake, na nadhani hapakuwa na mtu aliyestahili mchezo ule kuliko yeye. Wakikutana kutwanga anamwambia mmoja, haya, wewe ulinililiaje? Na yule anaacha mchi, anaigiza, sauti yote, miguu yote. Na wewe je? Mwingine naye anaonyesha, huyu kwa kunong'ona, huyu kwa kwikwi, na uwanja mzima unakufa kwa vicheko. Siku moja akamuuliza jirani. Jirani akaendelea kutwanga. "Mimi siigizi," akasema. "Na siku ile sikuigiza." Mama hakumuuliza tena. Mbuzi akaendelea kula kisamvu chetu miaka mingi, na sikusikia mtu akimfunga.

Shuleni mwalimu hakutupa tena neno la kutembea nalo. Aliandika ubaoni, tukanakili tumekaa, na mwaka uliofuata akahamishwa. Mimi Kiingereza changu kiliishia jirani na hapo. Watu wa kijiji kile nao wametawanyika, mashamba mengine yameuzwa, na shamba la kijiji sijui ni la nani sasa. Jirani alifariki mapema, na mama alimwosha kwa mikono yake. Baadaye nikamleta mama hapa Kibaha akae nami.

Alifia ndani ya nyumba hii. Siwezi kusema watu walikosea. Kamati iliundwa, maturubai yakafungwa, viti vya plastiki vikaja vimepangwa vizuri, ratiba ikasomwa kwenye kipaza sauti na ikafuatwa. Majirani wa Sofu walichanga, wakapika, wengine walikuja toka Mbwawa na hawakumjua. Mimi nilipoanza kupaza sauti, dada mmoja mwenye sare ya kamati alinishika bega, akanisihi kwa upendo kabisa nijikaze, tusiwaogopeshe watoto. Nikajikaza. Nililia kistaarabu kwenye leso. Hakuna aliyejitupa chini, hakuna aliyemgombeza mama kwa kuondoka. Na mimi nilikuwa nahangaika na kiti kile, nainuka, nakaa, natazama njia, mpaka nikatambua ninamtafuta nani: yule jirani wa mbuzi, aje ajitupe vumbini.

Mama yangu alishaliliwa. Alililiwa Vihingo, mchana kweupe, na watu waliotupa majembe. Namshukuru Mungu siku hiyo alikuwa hai, akaja akahadithiwa.